Juisi ya Tikiti Iongezwe Maji Kiasi Gani?

Tikiti maji la kilo tano liongezwe maji glasi ngapi ndipo juisi itoshe watu? Swali hili hurudi kila kiangazi katika Bonde la Ufa la kati, kuanzia Januari hadi mvua za Machi zinapokaribia, wakati nyasi zilizo chini ya Mlima Longonot zimegeuka rangi ya simba na upepo wa alasiri unapeperusha vumbi laini la majivu ya volkano ya zamani. Huuliza mzazi ambaye watoto wake wamerudi kutoka shule wakihema kwa kiu, huuliza mwenye kibanda cha juisi Naivasha, huuliza mama mwenye wageni ishirini na matikiti mawili tu mezani. Wengine huliuliza kwa namna nyingine: mbona juisi yangu ya tikiti haina ladha hata nikitia sukari? Maswali haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na jibu la moja ndilo jibu la jingine.

Jibu lenyewe ni fupi: usiongeze maji hata tone. Wengi wakilisikia hudhani ni jibu la mtu mwenye pesa za kuchezea, asiyejua bei ya tunda wala idadi ya midomo nyumbani. Sivyo. Ukipiga hesabu ya ladha, ya afya na hata ya mfuko, maji ya kuongeza ndiyo yanayogharimu. Lakini hoja hiyo haiwezi kueleweka kabla ya kujua tikiti ni kitu gani.

Tunda lililo mtungi

Chukua gramu 100 za nyama nyekundu ya tikiti. Kati ya hizo, gramu 91 au 92 ni maji, gramu sita hivi ni sukari ya tunda lenyewe, na kilichobaki ni nyuzinyuzi chache, madini na rangi. Linganisha na ndizi mbivu, ambayo robo tatu yake ndiyo maji, au embe, ambalo lina asilimia 83 hivi. Ndiyo maana embe ukilisaga bila maji unapata uji mzito unaoshika kijiko, na kumwagia maji kuna maana. Mazoea ya juisi ya embe tumeyahamishia kwenye tikiti bila kujiuliza, kana kwamba blenda haifanyi kazi mpaka imwagiwe maji.

Mfano ulio karibu zaidi na watu wa Nakuru ni maziwa. Mfugaji akipeleka maziwa kwa mnunuzi, hupimwa kwa laktomita, kifaa cha kioo kinachoelea. Maziwa yaliyotiwa maji huwa mepesi, kifaa huzama kupita alama, na mwenye maziwa hurudishwa nayo nyumbani kwa aibu. Hakuna anayebisha kwamba huo ni udanganyifu. Sasa, maziwa ya ng'ombe yana maji asilimia 87 au 88. Tikiti lina maji mengi kuliko maziwa. Ikiwa kumwaga maji kwenye maziwa ni kuyaharibu, kumwaga maji kwenye kitu ambacho tayari kina maji mengi kuliko maziwa ni kuharibu mara mbili.

Historia ya mmea huu inasema jambo hilo hilo. Tikiti ni mwana wa Afrika. Mwaka wa 2021 wanasayansi waliochunguza vinasaba vyake, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe hai, walionyesha kwamba jamaa wa karibu zaidi wa tikiti letu tamu ni tikiti la Kordofan nchini Sudan, lenye nyama nyeupe isiyo chungu. Kusini zaidi, katika jangwa la Kalahari, binamu zake wa porini wamewanywesha watu na wanyama katika miezi ambayo visima vimekauka. Mbegu za tikiti zilipatikana hata katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyefariki zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Ni rahisi kuelewa kwa nini watu wa nchi kavu walilitunza: tikiti zima lisilo na jeraha hukaa wiki kadhaa kivulini bila kuharibika. Utamu wa leo na wekundu wa leo vilikuja baadaye, kwa wakulima kuchagua mbegu kizazi baada ya kizazi. Kilichothaminiwa tangu mwanzo ni kwamba ganda lile gumu limefunika maji.

Hesabu ya jagi

Pingamizi la kwanza ni la pesa, na lina uzito wake, basi tulipigie hesabu. Tikiti la kilo tano, ukiondoa ganda, hukupa nyama ya kilo tatu na kitu. Ukisaga na kuchuja utapata lita mbili na nusu kwa makadirio ya chini, yaani glasi kumi za mililita 250. Ndani ya lita hizo kuna gramu 150 hivi za sukari ya tunda. Ongeza lita moja na nusu ya maji, kama wengi wafanyavyo, nawe una lita nne, glasi kumi na sita. Umepata glasi sita za ziada, lakini sukari imeshuka kutoka gramu sita hadi chini ya gramu nne kwa kila mililita 100, na harufu imeshuka pamoja nayo. Ulimi hautakubali. Ili kurudisha utamu ule wa mwanzo utahitaji gramu 90 za sukari ya dukani, ambazo ni vijiko vya chai zaidi ya ishirini. Utamu utarudi. Harufu ya tikiti haitarudi, kwa sababu dukani haiuzwi.

Kwa hiyo zile glasi sita hazikuwa za bure. Umelipia sukari, umelipia makaa au gesi ya kuchemshia maji, umelipia muda wa kuyangoja yapoe, na mwisho umewaandalia wageni maji ya sukari yenye rangi ya waridi. Yule mama mwenye wageni ishirini na matikiti mawili hana shida aliyodhani anayo. Matikiti mawili ya kilo tano kila moja ni lita tano za juisi halisi, na lita tano kwa watu ishirini ni glasi moja kamili kwa kila mtu. Akiwa na tikiti moja tu, awape nusu glasi ya kitu kizuri na jagi la maji ya kunywa kando. Anayetaka maji atakunywa maji, anayetaka tikiti atalipata tikiti.

Mwenye kibanda atasema kwamba biashara ni tofauti na nyumbani, na ni kweli. Lakini mteja wa juisi ni yule anayepita njia hiyo kila siku. Glasi ndogo iliyo nzito kwa ladha humrudisha kesho. Glasi kubwa ya maji matamu hununuliwa mara moja.

Maji ya huku yana mambo yake

Hadi hapa hoja ingeweza kuwa ya mahali popote. Ila Longonot ina sababu yake ya pekee, nayo iko chini ya ardhi. Mai Mahiu, mji ulio upande wa kusini wa mlima, jina lake kwa Kikuyu maana yake ni maji moto. Bonde hili limejaa miamba iliyotoka kwenye volkano, na maji yanayopita katika miamba hiyo hubeba floridi. Floridi ni madini ambayo kwa kiasi kidogo hulinda meno yasitoboke, lakini yakizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Bonde la Ufa la Kenya hukipita, vingine mara kadhaa. Dalili yake huonekana wazi midomoni mwa watu waliokulia huku: meno yenye mistari na mabaka ya hudhurungi, yaliyoingia wakati jino lilipokuwa likijengeka utotoni, wala hayatoki kwa kupigwa mswaki. Kunywa kwa miaka mingi maji yaliyozidi sana huumiza hata mifupa.

Wengi hujibu kwamba maji yao wameyachemsha. Kuchemsha ni jambo jema, maana huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini floridi haifi kwa moto, kwa kuwa haikuwa hai. Maji yanapogeuka mvuke, floridi hubaki sufuriani, hivyo lita mbili zikichemka hadi zikabaki moja, lita hiyo moja ina floridi yote ya zile mbili. Kuiondoa kunahitaji kichujio maalumu. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru, kupitia mradi wake wa maji, imetumia kwa miaka mingi mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa moto mkali bila hewa ya kutosha kisha ikasagwa, ambao hunasa floridi maji yanapoupitia. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi nayo yana floridi kidogo sana.

Na kuchemsha kwenyewe huku juu kuna sharti lake. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyopungua uzito na maji kuchemka mapema. Kwenye lango la mbuga ya Longonot, lililo mita 2,150 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 93 hivi badala ya 100 za Mombasa. Joto hilo bado linatosha kuua vijidudu, mradi uyaache yatokote kwa dakika tatu badala ya moja.

Hapa msomaji makini atapinga: je, tikiti lenyewe halikumwagiliwa maji hayo hayo? Huenda. Ila mmea si bomba. Mizizi huzuia sehemu kubwa ya floridi, na inayopita hupanda na maji na kuishia zaidi kwenye majani, mahali maji yanapogeuka mvuke. Nyama ya matunda kwa kawaida hubaki na kiasi kidogo mno. Mmea unaojulikana kwa kukusanya floridi ni chai, na tunachokunywa cha chai ni majani yake. Tikiti limekuchujia maji kabla hujalinunua. Kumwaga maji ya kisima juu yake ni kuibatilisha kazi hiyo.

Barafu iingie katika hukumu hii pia. Barafu ni maji, na maji machafu yakigandishwa hubaki machafu, kwa kuwa vijidudu vingi huvumilia baridi ya friza vikingoja kuyeyuka. Kuna njia bora: kata nyama ya tikiti vipande vya ukubwa wa kiberiti, vitandaze kwenye sinia, vigandishe usiku kucha. Hivyo ndivyo barafu yako. Vitapoza glasi, na vikiyeyuka havitaipunguzia juisi ladha.

*Kwa ufupi:* maji ya kuongeza huleta mambo matatu ambayo tikiti halikuwa nayo, yaani upungufu wa ladha, uwezekano wa vijidudu, na katika bonde hili floridi. Mwenye maji ya mvua au yaliyochujwa vizuri ameepuka mawili ya mwisho. La kwanza linabaki palepale.

Kazi huanza sokoni

Ukishaamua kutoongeza kitu, tikiti baya halina pa kujificha. Ndiyo maana kuchagua kuna uzito kuliko kusaga. Matikiti yanayouzwa kandokando ya barabara za Naivasha na Nakuru mengi hayakuzaliwa hapa. Mmea huu unapenda joto, na ardhi ya Longonot iko juu na usiku wake una baridi. Huja kutoka nchi za chini: Marigat katika Baringo, penye mradi wa umwagiliaji wa Perkerra ulioanzishwa katika miaka ya 1950, au Kajiado, Makueni, kingo za Mto Tana, hata Lamu. Yamesafiri, yamepakiwa na kupakuliwa. Zaidi ya hayo, tikiti likishakatwa kwenye mmea wake haliongezi utamu. Si kama ndizi au parachichi ambayo ukiiweka kabatini siku tatu inaiva. Utamu wake ulivyokuwa siku lilipochumwa ndivyo utakavyobaki.

Basi litazame tumboni kabla ya kuligonga. Kila tikiti lina baka pale lilipolalia udongo. Baka jeupe au la kijani hafifu lasema lilichumwa mapema. Baka la manjano ya siagi lasema lilisubiriwa. Kisha linyanyue. Kati ya mawili yaliyolingana ukubwa, chukua lililo zito, maana uzito ni maji. Kugonga kwa kidole, jambo ambalo kila mtu hulifanya, husaidia mwenye sikio lililozoea: lililoiva hutoa mlio mzito kama ngoma, bichi hulia kwa sauti nyembamba. Lakini baka halihitaji ufundi wa sikio.

Kuna uvumi unaozunguka kwenye simu kwamba wauzaji hudunga matikiti sindano ya rangi na sukari, na ushahidi unaotolewa ni ule ufa mkubwa unaoonekana katikati ya baadhi ya matikiti. Ufa huo hutokana na uchavushaji hafifu, yaani nyuki hawakuleta chavua ya kutosha ua lilipochanua, na tunda likakua bila kujaa sawasawa. Nyama ya pembeni mwa ufa mara nyingi huwa tamu sana. Tikiti lililotobolewa kwa sindano, kwa upande wake, lingevuja na kuoza katika siku chache kwa joto la soko. Muuzaji ndiye angekuwa wa kwanza kupata hasara.

Kuosha, kukata, kusaga

Watu huosha tufaha kwa kuwa hula ganda lake, na huacha kuosha tikiti kwa kuwa ganda hutupwa. Hapo ndipo hatari inapoingilia. Tunda hili lililala kwenye udongo, likapita mikononi, likakaa kwenye gunia. Kisu kinapopenya ganda chafu hubeba uchafu huo mpaka moyo wa tunda. Mwaka wa 2011 nchini Marekani meloni za ganda lenye mikwaruzo kama wavu, jamaa wa tikiti letu, zilizochafuliwa na bakteria aitwaye listeria zilisababisha watu 147 kuugua na 33 kufa. Lile ganda la wavu ni baya zaidi kwa kuficha uchafu, lakini hata ganda laini huoshwa: maji yanayotiririka, brashi safi, kisha kitambaa kikavu.

Sababu ya uangalifu huu ni kwamba tikiti halina uchachu. Wanasayansi hupima uchachu kwa kipimo kiitwacho pH, ambapo namba ikiwa ndogo kitu ni kikali. Limau liko kwenye 2 na kitu, pasheni karibu na 3. Vijidudu vingi vya hatari hushindwa kukua chini ya 4.6. Tikiti liko juu ya 5. Kwa hiyo tunda lililokatwa likikaa juani ni shamba lenye rutuba kwa bakteria: lina maji, lina sukari, halina ukali wa kujilinda. Likishakatwa, lisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Vipande vinavyouzwa vikiwa vimemenywa tangu asubuhi kwenye jua la mchana vina hatari ambayo tikiti zima la bei hiyo hiyo halina.

Usagaji wenyewe ni kazi ya dakika chache:

– Poza tikiti zima kwenye friji au kwenye beseni la maji baridi, kisha lioshe na kulikata.
– Chota nyama kwa kijiko, toa mbegu nyeusi zinazoonekana. Zile nyeupe laini hazina neno.
– Jaza blenda nusu na ubonyeze mara tatu au nne kwa sekunde moja moja. Usiiache ikanguruma.
– Chuja kwenye kichungi cha matundu makubwa kiasi, ukikandamiza kwa mwiko.
– Onja kabla ya kutia chochote.

Hiyo hatua ya tatu ndiyo inayopuuzwa. Blenda ikizunguka muda mrefu huvunja mbegu zilizosalia, na mbegu iliyovunjika huacha uchungu na chembe za kijivu. Pia hupiga hewa ndani. Itazame glasi ya juisi iliyosagwa kwa nguvu baada ya dakika kumi: juu kuna povu zito jekundu, chini kuna maji ya manjano hafifu karibu yang'ae. Wengi wakiona hivyo hudhani imeharibika au tikiti lilikuwa na dawa. Sivyo. Rangi nyekundu ya tikiti huitwa laikopini, ndiyo hiyo hiyo ya nyanya, nayo haiyeyuki majini. Imeng'ang'ania vipande vidogo vya nyama. Hewa ikiviinua vipande hivyo, rangi hupanda navyo. Koroga tu, unywe. Na hii ndiyo sababu ya kutotumia kitambaa chenye matundu madogo sana kuchujia: utabaki na maji matamu, na wekundu wote utabaki kwenye kitambaa. Asiye na blenda asikate tamaa. Mwiko wa mbao na chujio hufanya juisi nzuri zaidi, isiyo na povu.

Limau, chumvi na tangawizi

Ikiwa maji hayaingii, nini kiingie? Kinachokosekana kwenye tikiti ni ukali, na ukali ndio unaofanya kinywaji kikate kiu. Kwa lita moja ya juisi, kamulia limau moja kubwa au ndimu mbili. Utaona jambo la ajabu kidogo: juisi huonekana tamu zaidi, si chachu zaidi, kwa sababu ladha sasa ina pa kuegemea. Rojo ya pasheni tatu hufanya kazi hiyo hiyo na kuongeza harufu, nazo mashambani juu ya bonde hazikosekani. Uchachu huo pia huwapa vijidudu wakati mgumu. Huko Guinea-Bissau, wakati wa mlipuko wa kipindupindu katika miaka ya 1990, watafiti waliona kwamba waliokamulia ndimu kwenye mchuzi wao waliugua kwa nadra zaidi. Hilo ni sababu ya kupenda limau, si sababu ya kuacha kuosha mikono.

Tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, ikiparwa na kukamuliwa juu ya juisi, huleta joto la kooni linaloifaa jioni ya Longonot, ambapo jua likizama baridi haichelewi. Majani machache ya nanaa yapondwe kwa mkono tu. Ukiyatia kwenye blenda yanaifanya juisi ionekane kama matope, wekundu na ukijani vikichanganyika.

Chumvi ndiyo inayozua mabishano. Anayetoka jasho hupoteza maji na sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi ya mezani. Tikiti lina potasiamu ya kutosha lakini sodiamu karibu hamna. Ile dawa ya unga ya kuzuia upungufu wa maji kwa mtoto anayeharisha, kwa kanuni iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka wa 2002, ina gramu 2.6 za chumvi na gramu 13.5 za sukari ya glukosi kwa lita. Vimewekwa pamoja makusudi: ukutani mwa utumbo sukari na sodiamu huingia mlango mmoja, na maji huvifuata. Robo ya kijiko cha chai cha chumvi kwa lita ya juisi ya tikiti inatumia mlango huo huo kwa mtu aliyetembea juani. Juisi hii haichukui nafasi ya ile dawa kwa anayeharisha, maana sukari yake ni mara nne na zaidi, na kwa tumbo linaloumwa hiyo yaweza kuongeza shida. Mwenye shinikizo la damu naye aiache chumvi, limau litamtosha.

Hapa ndipo pingamizi lililo zito kuliko yote linapoingia: kama sukari ni nyingi kwa mwenye kiu, si ndiyo sababu ya kuongeza maji? Kwa mpanda mlima ni kweli kwamba anahitaji maji mengi kuliko sukari. Lakini hitaji hilo linatimizwa vizuri zaidi na chupa mbili kuliko moja. Maji safi yakiwa peke yake, mtu hunywa kadiri ya kiu. Juisi ikiwa peke yake, hunywa kadiri ya uchovu. Ukivichanganya, umemlazimisha anywe sukari kila anapotaka maji.

Mwenye kisukari na mwenye tumbo jepesi

Glasi ya mililita 250 ina gramu 15 au 16 za sukari, karibu nusu ya soda ya mililita 300. Ni kidogo, lakini si sifuri, na sukari ya tikiti huingia damuni haraka. Anayeishi na kisukari ni afadhali ale kipande kuliko kunywa glasi, kwa kuwa kutafuna humchelewesha na humwonyesha kiasi. Pia sehemu kubwa ya sukari hii ni fruktosi, ambayo matumbo mengine huishughulikia polepole. Aliyekunywa lita nzima asishangae tumbo likijaa gesi.

Ipo pia ile habari ya nguvu za kiume, kwamba tikiti na limau hushinda dawa. Tikiti lina kitu kiitwacho sitrulini, kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza katika juisi yake huko Japani mwanzoni mwa karne ya 20, na mwili hukitumia kutengeneza kinachotanua mishipa ya damu. Lakini glasi moja ina chini ya gramu moja, huku majaribio mengi yakitumia gramu kadhaa kila siku. Anayehitaji daktari amwone daktari. Sehemu nyeupe iliyo karibu na ganda ina sitrulini pia na haina sukari nyingi. Ikatwe vipande, isagwe pamoja na nyama nyekundu kwa kadiri ya robo, nayo itaipa juisi ubichi kama wa tango.

Kuibeba mlimani

Usiipashe moto ili ikae. Juisi ya tikiti ikichemshwa hupoteza harufu yake na kunuka kama boga lililopikwa, na kwa kuwa haina uchachu ingehitaji joto kali zaidi ya embe au chungwa. Ndiyo sababu ni nadra kuiona dukani ikiwa imefungwa peke yake. Ni kinywaji cha siku yake.

Lakini siku yake yaweza kuwa ndefu kidogo. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta la Longonot ni kilomita 3.1 za kupanda, na anayezunguka ukingo huongeza 7.2, akipita kilele cha mita 2,776, mahali ambapo hakuna kijito wala bomba. Tangu Juni 5, 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga za Kenya, hivyo wengi hupanda na chupa ya chuma inayohifadhi baridi. Ijaze usiku vipande vya tikiti vilivyoganda hadi nusu, asubuhi mimina juisi baridi yenye limau na chumvi kidogo, ufunge, na chupa ya pili iwe ya maji. Jua likipanda na chupa ikianza kutikisika mgongoni, vipande vitayeyuka kimoja kimoja kwenye juisi, na kila kinachoyeyuka ni tikiti lile lile.